Ruhusa ya Kulala Njiani

Kwenye barabara za milimani giza huingia mapema. Jua likishapita nyuma ya kilele, msitu wa kando ya njia huwa umeshakuwa mweusi huku tambarare bado kuna mwanga, na baridi haichelewi kufuata. Dereva aliyechoka, mwenye watoto waliosinzia kiti cha nyuma, ana maswali mawili: nitalala wapi, na nani ameniruhusu? Hilo la pili ndilo linalonishughulisha. Karibu kila jamii yenye milima, misitu na wasafiri imelazimika kulijibu, na majibu hayafanani. Kuna waliosema ruhusa imo katika ardhi yenyewe: mahali pametengwa, pamesawazishwa, pamepewa namba, na atakayelipa atapata. Kuna waliosema ruhusa anayo msafiri mwenyewe, anatembea nayo popote aendapo. Na kuna waliosema, wakiwemo wazee wetu wa enzi za misafara, kwamba ruhusa iko kwa mwenyeji, mgeni sharti aiombe. Nataka kuyaweka majibu haya bega kwa bega bila haraka ya kumtangaza mshindi, kwa sababu kila moja lina hekima yake, na kila moja limewahi kumwacha mtu nje.

Tuanze Virginia, mashariki mwa Marekani. Skyline Drive ni barabara ya kilomita 169 inayofuata mgongo wa milima ya Blue Ridge, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah. Ujenzi wake ulianza 1931, na kando yake, katikati ya mialoni, zikapangwa kambi kadhaa. Mojawapo ni Lewis Mountain, iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kambi ndogo yenye nafasi takriban 30. Mgeni akiingia anakuta njia ya gari inayozunguka upande mmoja tu na kurudi ilipoanzia. Kila baada ya hatua kadhaa pana kichochoro kifupi cha kuegesha, nguzo yenye namba, meza nzito iliyounganishwa na mabenchi yake, na meko ya chuma iliyokazwa ardhini. Maji ni ya bomba, vyoo ni vya pamoja. Chakula chote, hata dawa ya meno, hakilali hemani. Hufungiwa ndani ya gari au kwenye kabati la chuma, maana dubu weusi wa milima ile wana pua kali, na dubu aliyezoea chakula cha watu mara nyingi huishia kuuawa. Usiku kuna saa maalumu za ukimya, na ukimya huo ni kanuni.

Mpangilio huu umezoeleka mno hata wapiga kambi wengi hawajiulizi ulitoka wapi. Ulitoka kwenye mizizi ya miti. Katika miaka ya 1920 Wamarekani walianza kumiliki magari kwa mamilioni, wakamiminika misituni na kuegesha popote kivuli kilipowavutia. Emilio Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyefanya kazi California, alichunguza kinachoipata miti mikubwa pale watu wanapojazana. Lawama aliiweka kwenye udongo: magurudumu na nyayo huushindilia mpaka maji na hewa havipenyi, na mizizi midogo iliyo karibu na uso wa ardhi hufa kidogokidogo, mti ukiendelea kusimama kana kwamba hauna neno.

Dawa aliyoipendekeza mwaka 1932, katika waraka wake kuhusu sera ya kambi, inanivutia kwa upole wake. Hakutaka watu wafukuzwe msituni. Alitaka gari lizuiliwe mahali pake kwa mawe au magogo, na meza na meko visihamishike, kwa hoja kwamba mtu akipewa meza, moto na kivuli atatulia hapo, nyayo zake zitapita njia ileile kila siku, na mti wa jirani utapata nafuu. Mwaka uliofuata serikali ya Franklin Roosevelt iliunda kikosi cha vijana wasio na kazi, Civilian Conservation Corps, na hadi kilipovunjwa mwaka 1942 vijana hao walikuwa wamejenga kambi za namna hiyo katika misitu na hifadhi za nchi nzima. Kwa hiyo ile nguzo yenye namba, ambayo mgeni anaweza kuiona ni kumbana mtu hata porini, asili yake ni kuuhurumia mti.

Vuka bahari sasa hadi Norway, ambako nguzo hiyo haihitajiki. Sheria ya mwaka 1957 kuhusu maisha ya nje iliandika kile ambacho watu wa huko walikuwa wakikifuata kwa desturi: yeyote, raia au mgeni, anaweza kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe, ilimradi awe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa, na asizidishe siku mbili mahali pamoja bila idhini ya mwenye ardhi. Juu milimani, mbali na makazi, hata kikomo hicho cha siku hakimbani. Sweden nako haki hiyo ni desturi ya kale, na mwaka 1994 ilitajwa katika katiba. Mpiga kambi wa Virginia akifika jioni anauliza nafasi ipi iko wazi. Mwenzake wa Norway anauliza nyumba ya karibu iko umbali gani. Wa kwanza amekabidhiwa kipande cha ardhi kwa usiku mmoja. Wa pili hakukabidhiwa chochote, kwa kuwa haki aliyonayo alitoka nayo nyumbani, na pamoja nayo wajibu wa kuondoka bila kuacha alama.

Lakini haki hii ni ya miguu. Haimruhusu mtu kuacha barabara na kuliingiza gari msituni, na anayesafiri kwa gari pamoja na familia hawezi kila mara kubeba mahema, blanketi na sufuria hadi mita 150 kutoka dirisha la mtu. Ndiyo maana kando ya barabara za milimani za Norway zipo pia kambi za kulipia, nyingine zikiwa za familia zenye mashamba, na ndani yake vibanda vidogo vya mbao kwa wasio na hema. Uskoti imejaribu njia kama hiyo na ikagundua gharama yake upesi zaidi. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 iliwapa watu haki ya kupiga kambi kwenye sehemu kubwa ya nchi, lakini pembeni ya Loch Lomond, ziwa lililo karibu na jiji la Glasgow, barabara inapita ukingoni kabisa mwa maji. Magari yalifika kwa wingi, miti ikakatwa kuni, takataka zikabaki. Tangu 2017, kuanzia Machi hadi Septemba, sehemu za kingo za maziwa katika hifadhi ya taifa ya eneo hilo haziruhusu kambi bila kibali. Uhuru uliotungwa kwa ajili ya mtu mwenye mkoba mgongoni ulipata shida mara tu barabara ya lami ilipoufikia. Meinecke asingeshangaa.

Kwetu, mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa Taveta. Leo ni mji wa mpakani, ng'ambo yake ikiwa Holili ya Tanzania, na malori ya mizigo hupanga foleni. Katika karne ya 19 palikuwa msitu mnene uliokunywa maji ya mto Lumi, unaotoka upande wa Kilimanjaro na kuishia ziwa Jipe. Nje ya msitu ni nyika kavu. Ndani ni migomba, kivuli na maji baridi. Wataveta waliishi humo, na njia za kuingilia walizifanya nyembamba, zenye malango ya magogo, ili kundi lisilokaribishwa lisipenye. Misafara kutoka Mombasa na Pangani, iliyokuwa ikielekea nchi ya Wamasai kutafuta pembe za ndovu, ilitua hapo kupumzika na kujiandaa. Mmisionari Charles New alipita mwaka 1871, Joseph Thomson mwaka 1883, Teleki na von Höhnel mwaka 1887. Thomson aliungana hapo na msafara wa Juma Kimameta, mfanyabiashara maarufu wa Pangani, ambaye uzoefu wake wa njia za Umasaini ulimfaa Mskoti huyo kuliko ramani yoyote ya wakati ule.

Kazi zilizofanyika kambini Taveta zinastahili kutazamwa kwa karibu. Shanga zilizotoka pwani zilikuwa bado hazifai, kwa sababu Wamasai hawakuzipokea mpaka zitungwe kwenye nyuzi za urefu waliouzoea wao. Basi kwa siku kadhaa kambi nzima iligeuka karakana. Wapagazi walikaa kivulini, miguu imenyooshwa, wakitunga shanga uzi kwa uzi, na wengine wakishona nguo za kupeleka mbele. Wenyeji walileta chakula cha mashamba yao, bei zikapatanwa, habari zikabadilishana mikono pamoja na ndizi: wapi kuna maji, wapi kuna vita, wapi kuna maradhi. Hii haikuwa kambi ya mtu aliyekimbia watu. Msafiri alilala msituni ili awe karibu na wenye msitu, na usalama wake wote ulitegemea wao kumjua.

Kwenye njia ya kati, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Tabora na Ujiji, ruhusa ilikuwa na bei ya wazi. Watemi wa Ugogo walitoza hongo: vitambaa vya idadi iliyopatanwa, pengine baada ya siku nzima za mazungumzo. Wasafiri wengi wa Ulaya waliiandika hongo ile kama unyang'anyi. Ukiitazama kwa macho ya Mgogo, mambo ni tofauti. Msafara wa mamia ya watu umefika kisimani kwake wakati wa kiangazi. Watakunywa maji ya mifugo yake, watakata miti ya miiba kujenga boma la usiku, watawasha moto kila kona, na alfajiri wataondoka, pengine wasionekane tena. Ada inayolipwa leo Lewis Mountain hulipia mambo yaleyale: maji, ardhi iliyokanyagwa, na kazi ya wanaobaki kusafisha. Tofauti ni kwamba Virginia bei imebandikwa langoni, na Ugogo bei ilizungumzwa. Kila njia ina faida yake. Bei iliyobandikwa haimwonei mgeni asiyejua lugha. Bei iliyozungumzwa humlazimisha mgeni na mwenyeji kuketi pamoja na kutazamana.

Ndani ya boma kulikuwa na utaratibu ambao askari wa hifadhi yeyote angeuheshimu. Msafara uliondoka kabla ya mapambazuko na kutua kabla jua halijawa kali, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akitangulia na bendera. Wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo vya kula pamoja, kila kikundi na chungu chake na mafiga yake, na kazi za kikundi ziligawanywa: huyu maji, huyu kuni, huyu kupika. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32. Wanyamwezi waliofanya kazi hii kwa wingi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye fahari na kazi yao, waliojadiliana mshahara na kugoma walipodhulumiwa.

Linganisha na namna ya kufika kambini katika misitu mingi ya Marekani. Mgeni anachukua bahasha kwenye kisanduku langoni, anaandika jina na namba ya gari, anatia fedha, anaitumbukiza bahasha kwenye bomba la chuma lililosimikwa pale, kisha anakata kipande cha karatasi na kukibana kwenye nguzo ya nafasi yake. Anaweza kulala na kuondoka bila kuonana na mtumishi yeyote. Kuna uaminifu mkubwa katika jambo hili, na ni wa kupendeza: serikali inamwamini mtu usiku, peke yake, mbele ya tundu la bomba. Mtu wa Taveta ya zamani angeuona ni utaratibu wa ajabu, kumpokea mgeni bila kumuuliza ametoka wapi. Naye mpiga kambi wa Virginia angechoshwa na Taveta, kwa kuwa alichokifuata msituni ni kukaa siku mbili bila kuulizwa chochote.

Kati ya njia hizi mbili nawaweka Waomani. Jabal Shams, kilele cha milima ya Hajar, kinafikia karibu mita 3,000, na sehemu zake za juu zina mireteni ya kale, miti inayokua polepole mno. Mwisho wa wiki familia hupanda kutoka Muscat na Nizwa, hutandika mikeka kando ya barabara penye upepo, hutoa birika la kahawa, tende na mishikaki. Hakuna namba na mara nyingi hakuna ada. Si ajabu kusikia Kiswahili kwenye mkeka mmojawapo, kwa wale ambao wazazi wao walikuwa Unguja. Anayepita karibu huitwa anywe kahawa. Hapo hakuna mwenyeji wala mgeni wa kudumu: aliyetangulia kutandika ndiye mwenyeji kwa jioni ile.

Nilisema kila jibu limewahi kumwacha mtu nje. Lewis Mountain yenyewe ni ushahidi. Kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1935, mamia ya familia za wakulima ziliishi kwenye mabonde ya Blue Ridge. Jimbo la Virginia lilitwaa ardhi yao na kuikabidhi kwa serikali kuu, ili watu wa mijini wapate pa kupumzikia. Kisha watu wenyewe wa mijini wakatenganishwa. Kambi ya Lewis Mountain ilifunguliwa 1939 kwa ajili ya Wamarekani Weusi peke yao, na kibao kando ya barabara kilisema hivyo waziwazi. Hizo ndizo zama ambazo Victor Green wa Harlem alikuwa akichapisha kitabu chake cha mwongozo kwa madereva Weusi, kilichoanza 1936, kuwaonyesha mahali ambapo wangeweza kulala na kula bila kudhalilishwa. Amri ya kukomesha utengano hifadhini ilitolewa mwaka 1945, na utekelezaji ukakamilika 1950. Familia zilizopiga hema hapo katika miaka ile zilipata hewa ileile ya mlima na mialoni ileile, na wanahistoria wa hifadhi wanaikumbuka kambi hiyo kama mahali palipopendwa sana na wageni wake. Lakini namba kwenye nguzo ilikuwa na rangi.

Milima ya Kenya ina jeraha la aina nyingine. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitangaza misitu ya Aberdare na Mlima Kenya kuwa eneo la marufuku, na aliyekutwa humo aliweza kupigwa risasi. Maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau waliishi kambini ndani ya misitu hiyo, kwenye mianzi na baridi ya juu. Walipika kwa kuni zilizokauka kabisa ili moshi usiwaumbue, wakafuta nyayo zao wakihama. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, karibu na ukingo wa msitu. Kwa wazee wa Nyeri na Murang'a, kulala msituni hakukuwa mapumziko kwa miongo mingi baadaye, na ninadhani tunakosea tunaposema Mwafrika hana mazoea ya kupiga kambi bila kukumbuka nani alimfukuza msituni, na kwa bunduki. Leo wajukuu wa watu hao hulipa ada na kupiga mahema kwenye misitu ileile, chini ya mierezi na mipodo, wakiwa na gitaa na nyama choma. Hilo nalihesabu kuwa ushindi mkubwa.

Tanzania imeendeleza namna yake. Chukua kambi ya Simba A, kando ya barabara ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200. Ni uwanja wa majani wenye mti mkubwa katikati, na asubuhi ukungu huufunika wote. Mahema hujipanga popote yanapopata nafasi, hakuna namba. Pundamilia hula majani kati ya kamba za mahema, na tembo huwahi kuja kunywa kwenye tangi la maji huku watu wakisimama kimya kumtazama. Lakini moyo wa kambi ni jiko la pamoja. Ingia humo jioni: kila timu ya wapishi ina kona yake, mtungi wake wa gesi, sanduku lake la chuma la vyombo. Huyu anakatakata vitunguu, yule anasukuma chapati juu ya ubao, mwingine anatikisa sufuria ya bisi, kwa kuwa mgeni wa saa kumi na moja lazima apate chai na bisi kabla ya supu. Kitunguu kikimwishia mmoja hukipata kona ya pili, ingawa makampuni yao yanashindana. Wanaitana kaka, bro, mzee, kwa lafudhi ya Arusha na Karatu.

Mmarekani aliyezoea Blue Ridge huona jambo hili kwa mashaka mwanzoni. Kwake, kupiga kambi ni kujipikia mwenyewe, kujikosha mwenyewe, kuthibitisha kwamba bado unaweza. Kupikiwa hemani kunamkumbusha picha za enzi za ukoloni. Mashaka yake yana msingi, kwa sababu kweli kulikuwa na miaka ambayo mtu mweupe alibebwa hata kwenye machela. Hata hivyo, mpishi wa Simba A ana ukoo mrefu zaidi ya hapo. Anarithi ule mgawanyo wa kazi wa ndani ya boma la msafara, na ufundi wa kulisha watu wengi kwa moto mdogo mahali pasipo na soko. Kilimanjaro, wagumu wanaopandisha mizigo hupimiwa mzigo getini usizidi kilo 20, ukilinganisha na zile frasila mbili za babu zao. Kanuni hiyo haikushuka kutoka juu tu, ilipiganiwa. Ninachokitilia shaka mimi ni jambo jingine: katika jiko lile karibu kila Mtanzania yuko kazini, na nje kwenye mahema karibu kila mgeni ametoka mbali. Ada ya raia ni nafuu sana ukilinganisha na ya mgeni, hivyo bei ya lango peke yake haielezi hali hiyo.

Moto ndio unaozitofautisha mila hizi waziwazi kuliko kitu kingine. Norway inakataza kuwasha moto msituni au karibu na msitu kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri hauwezi kuleta hatari. Kalenda ndiyo mlinzi. Marekani inaruhusu moto ndani ya duara la chuma, lakini inazichunguza kuni zenyewe: tangu 2015, Hifadhi ya Great Smoky Mountains haipokei kuni za kutoka nje isipokuwa zile zilizopashwa joto kuua wadudu na kuthibitishwa, kwa kuwa mbawakawa wanaoua miti husafiri ndani ya magogo ya wapiga kambi. Kwa Waomani moto ni makaa kwenye jiko la kubebeka. Kwenye misafara moto ulikuwa ulinzi dhidi ya simba na fisi, na mafiga matatu yaliashiria nani anakula na nani. Hifadhi ya Kilimanjaro inakataza kabisa moto wa kuni, na Oktoba 2020 tulioneshwa sababu: moto ulioanzia eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, uliteketeza uoto kwa siku kadhaa, na taarifa za mwanzo za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilisema ulitokana na kupasha chakula cha wageni. Jiko moja, jambo la kila siku, na mlima mzima ukafuka moshi.

Yote haya nayafikiria ninapoitazama barabara ya Muheza kwenda Amani, katika Usambara ya Mashariki. Inaanzia joto la minazi na machungwa, inapita Sigi, kisha inapanda kwa kona kali ndani ya msitu wenye viumbe wasiopatikana kwingine duniani, hadi pale Wajerumani walipojenga taasisi yao ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Msitu huo umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na mgeni anaweza kulala humo. Wanaofika wengi ni watafiti na watazama ndege. Mwalimu wa Tanga anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake wakaamke na mlio wa hondohondo bado anaona kwamba jambo hilo si la watu kama yeye.

Sidhani tunahitaji kuiga nchi yoyote ili kumfikisha. Meinecke anatufaa kwenye udongo, maana mizizi ya Usambara iko juujuu vilevile na mvua ni nyingi zaidi, kwa hiyo gari libaki kwenye changarawe na mahema yasihamehame. Wanorwe wanatufaa katika jambo moja, kumfanya raia aamini kwamba msitu ni wake tangu shuleni. Mengine Taveta inayajua zaidi. Kambi ya kando ya barabara ile ikiwekwa mikononi mwa kijiji kilicho jirani, mama wa kijijini atauza ndizi, chai ya tangawizi na mkaa uliokubaliwa, vijana watajua njia na wataijua mipaka ya moto, na ada itabaki karibu na wale ambao nyoka, mvua na miti ya msitu ule ni majirani zao mwaka mzima. Meza chache, vyoo safi, maji, paa moja la kupikia pamoja kama la Simba A. Wakala wa Huduma za Misitu una ardhi na mamlaka ya kulifanya hili. Mwalimu yule ana wanafunzi 40 na basi la kukodi, na likizo ya Juni ina baridi nzuri kule juu.